Salum Spiriti

Salum alipopunguzwa kazi, miaka ile viwanda vya Morogoro vilipokuwa vikiuzwa na kufungwa, alikaa nyumbani mwaka mzima akila jasho la mkewe. Kisha Mahendra, mfanyabiashara wa mjini, akamchukua kuangalia mtambo wake nyuma ya ghala, kule Msamvu.

Mtambo wenyewe hauna makuu. Molasi ya viwanda vya sukari inatiwa hamira, inachachuka ndani ya tangi. Sasa hamira nayo, jamani! Inatengeneza spiriti, na spiriti ikizidi inaiua hiyohiyo hamira. Ndiyo maana pembeni kuna utando laini kama puto, umebanwa kati ya vyuma viwili. Pampu inavuta, mvuke wa spiriti unapenya utando, maji mengi yanabaki nyuma, na hamira inaendelea kuishi. Mvuke unapozwa, unakuwa spiriti ya kuwashia majiko. Pampu ikizima, tangi zima linakufa.

Majirani hawakujua utando wala pampu. Walijua harufu. Mtu kapunguzwa kazi, kila jioni ananuka, wewe ungesemaje? Wakamwita Salum Spiriti. Mtu ambaye pombe hajaionja tangu azaliwe! Ilimuuma, asikudanganye mtu. Tena bintiye Shakila alikuwa anasubiri posa ya kijana wa Mkuyuni aliyempenda kweli. Maneno hayo yakiwafikia wazazi wa kijana, posa imekwisha.

Siku ya wageni wa posa, pampu ikagoma asubuhi. Salum akakimbia kuiokoa hamira. Pampu ilipona, lakini katika kuhangaika, chupa ya spiriti ikammwagikia kifuani. Aliporudi, wageni walikuwa wameshaketi sebuleni, na mlango wa kupita ni huohuo mmoja.

Mzee Mkude, baba wa kijana, akaitikia salamu huku amekunja pua. "Kumbe tuliyoambiwa ni kweli."

"Ni kazi yangu, mzee. Wallahi sinywi."

"Basi sogea hapa. Nipumulie."

Lo! Mtu mzima, baba wa watu, ndani ya nyumba yake mwenyewe! Mkewe akainamisha uso. Salum alitamani kumfukuza yule mzee, kofia na fimbo yake, lakini akamfikiria Shakila. Akapiga magoti mkekani, akafungua kinywa, akapumua.

Mzee akanusa kama anayechagua samaki sokoni. "Mdomo safi," akasema. "Haya, tuendelee."

Pazia likafunuliwa. Shakila, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kuonekana, akatoka chumbani akapiga magoti ubavuni mwa baba yake.

"Shikamoo, baba," akamwambia mgeni. "Ninuse na mimi. Hizi nguo zake za kazi nafua mimi."

Mzee Mkude alimtazama binti, akamtazama Salum aliyekuwa bado yuko chini, na aibu ikamshika mpaka akavua kofia.

"Marahaba, mwanangu," akasema taratibu. "Nisamehe, mkwe mwenzangu." Akamshika Salum mkono, akamwinua, akamketisha karibu yake, bega kwa bega, na spiriti yote ile kifuani.