Damu ya Khubaib Yapimwa Mara Tatu

Khubaib, fundi wa kanzu wa Kibokoni, hakuwa mtu wa kuamini upesi. Samaki humfunua matamvua hata akinunua kwa mchuuzi aliyemzoea miaka ishirini. Kitambaa kipya hakikati mpaka akiroweke kwanza, aone kama kitarudi na kupungua.

Tangu nduguye mkubwa, Kamaludin, aanguke msikitini baada ya swala ya adhuhuri asiinuke tena, shaka hizo zilizidi. Kamaludin alikuwa na miaka hamsini na minne, na wiki mbili kabla alipimwa sukari akaambiwa iko sawa.

"Basi kilichomuua ni nini?" Khubaib aliwauliza wote waliokuja kutoa mkono wa tanzia.

Wengi walisema ni kudura ya Mungu. Yeye moyoni aliwaza husuda. Kisha akamshuku bwana mmoja aliyekuwa akimuuzia marehemu chupa za dawa ya kukata kitambi, akamtafuta mtaa kwa mtaa, asimwone.

Mwaka wa tatu wa msiba huo, mkewe Swabaha alimkokota asubuhi, hajafungua kinywa, mpaka uwanja wa Tononoka, kulikokuwa na upimaji wa afya wa bure.

"Hakuna cha bure, Swabaha. Watatuuzia kitu hawa."

"Weye wamshuku kila mtu. Twende, ukiuziwa n'talipa mimi."

Afisa wa kliniki aliyewapokea, msichana wa bara aitwaye Priscah, alimzungushia Khubaib futi kiunoni. "Inchi arubaini na tatu."

"Arubaini na moja," alisema Khubaib. "Mimi ni fundi, binti yangu. Kiuno nakijua."

"Basi pumua, mzee. Umevuta tumbo ndani."

Siku ya majibu ya damu aliyotolewa, Priscah alimkalisha kwenye kiti cha kliniki. Sukari yake ilikuwa sawa, ingawa imekaribia mpaka. Lakini insulini ilikuwa juu sana, mafuta ya damu yaitwayo triglisaridi yalikuwa 3.2, karibu maradufu ya kiwango kinachotakiwa, na ile kolestro nzuri inayosaidia kulinda moyo ilikuwa chini.

"Sukari sawa, halafu mimi mgonjwa? Vipi?"

"Mwili wako umeanza kuikaidi insulini," alisema Priscah. "Kongosho linatoa nyingi zaidi ili sukari isipande. Kwa hiyo ukipimwa sukari peke yake, unaonekana mzima. Lakini ini linamwaga mafuta kwenye damu, na tumbo linaongezeka. Hayo yakikaa pamoja, moyo uko hatarini."

"Haya. Dawa yake pesa ngapi?"

"Kwa sasa sikuandikii dawa. Acha soda, punguza sukari ya chai, punguza mahamri na wali, utembee kila siku. Baada ya miezi sita tutaangalia tena."

Hapo ndipo shaka ya Khubaib ilipokomaa. Angekuwa tapeli wa kuuza dawa, Khubaib angemwelewa. Huyu asiyeuza chochote alimtia hofu: yuwataka nini? Au damu zimechanganywa, yeye kapewa ya mtu mwingine?

Bila kumwambia Swabaha, alikwenda kwenye maabara moja Tudor, akalipa, akapimwa. Triglisaridi 3.1. Akasema moyoni, hawa wamepigiana simu. Akangoja wiki, akaenda maabara nyingine, na huko akajiandikisha kwa jina la Gharib.

Siku ya kuchukua majibu, mhudumu aitwaye Dishon alitokea mlangoni. "Bwana Gharib!" Akaita tena, "Bwana Gharib!" Khubaib akageuka huku na huku, akishangaa ni mtu gani huyo asiyesikia akiitwa. Mara ya tatu Dishon alikuja kusimama mbele yake. "Mzee, si wewe?"

"Ndiye mimi," alisema Khubaib, uso umemwiva kwa haya.

Triglisaridi 3.2. Hapakuwa na wa kumshuku tena.

Hakurudi dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa Ruweida, mjane wa Kamaludin, akaomba vyeti vya hospitali vya marehemu. Ruweida alimletea mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na karatasi ya mwaka mmoja kabla ya kifo. Mstari wa sukari mtu aliutia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Chini yake, pasipotiwa alama yoyote, paliandikwa triglisaridi 3.9, na kolestro nzuri chini kuliko ya Khubaib.

"Alikuja nayo akifurahi," Ruweida alisema. "Akaniambia sukari sawa. Tukala biriani siku ile."

Khubaib alimpelekea Priscah karatasi ile.

"Siwezi kukuambia ndicho kilichomuua," alisema Priscah baada ya kuisoma. "Sikumpima. Lakini hatari ilikuwepo, na haikuanza siku moja."

Khubaib aliikunja karatasi upya. Kisha akasema, "Miaka mitatu nawashuku majirani."

Soda aliiacha siku hiyohiyo. Chai ya rangi bila sukari ilimchukua mwezi, kwa manung'uniko. Baada ya alasiri yeye na Swabaha walitembea mpaka ufukwe wa Mama Ngina na kurudi. Mwanzoni alipumzika mara nne njiani, na kila akipita penye mihogo ya kukaanga alimtaka Swabaha atembee upande ule, amkinge asiione.

Miezi sita ilipotimia, kiuno kilikuwa inchi arubaini, triglisaridi 2.0. Insulini ilishuka, ila bado ilikuwa juu.

"Umeendelea vizuri, lakini hujafika," alisema Priscah.

"Una hakika hii ni damu yangu?"

"Ni yako, mzee."

"Nitoboe tena, tuhakikishe."

Priscah alikataa, akamwandikia tarehe ya kurudi. Khubaib akaisoma mara mbili, kisha akamwomba aandike na saa.