Sakafu ya Barabarani

Chokaa ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila moto, na mvuke wake unakuingia puani kama mtu amekuchoma na pilipili kichaa. Ukiongeza harufu ya maji yaliyolala mtaroni tangu mvua za masika, na bajia za jirani zinazotoka mafutani, utakuwa umefika mtaani kwetu, nyuma ya Makadara, unapoanza kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, miaka ile ya tisini nikiwa msichana wa darasa la nne. Shule baadaye niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, tumekubaliana tusiulizane. Kwa hiyo mambo ya uhandisi msiniulize. Mimi nitawaeleza tulivyotengeneza barabara tu.

Kulikuwa na shimo mbele ya mlango wetu. Lilianza dogo, ukubwa wa sinia, bomba likapasuka chini yake, mvua ikaja, likanenepa kama mtu aliyeolewa vizuri. Wazee wakapeleka habari kwa wakubwa wa mji. Akaja mtu akalitazama, akaenda zake. Baada ya muda akaja mwingine na rangi nyeupe, akalizungushia duara, naye akaenda zake. Basi tukawa na shimo lenye mpaka. Sisi watoto tulilishukuru, tulikuwa tukizielesha ndara zetu humo, na moja yangu ilizama ikawa ndiyo mwisho wa kuonana. Wakubwa walisema tungoje, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyeumia kwanza alikuwa nyanya yangu.

Nyanya alikuwa ameanguka zamani, kabla ya shimo, akavunjika nyonga, tangu hapo hakuenda popote. Asubuhi alibebwa akawekwa barazani juu ya mkeka, jioni akarudishwa ndani. Dunia ikimtaka, ilibidi ije yenyewe. Na mara moja kwa mwaka ilikuja: zefe, yaani maandamano ya Maulidi, ilipita mlangoni, watoto wa madrasa na kanzu zao, bendera mbele, matari yakilia mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Nyanya aliwanywesha sharbati ya maziwa na arki ya waridi wote waliopita. Mwaka ule mwalimu wa zefe akaja kumwamkia, akazungukazunguka na maneno, mwisho akasema, "Bi Mkubwa, mwaka huu tutapita njia ya nyuma. Kwa shimo hili watoto wataumia." Nyanya akajibu, "Haya mwanangu, kheri." Mwalimu alipoondoka, nyanya akajifunika leso mpaka usoni, na chakula cha mchana kikarudi jikoni kama kilivyokuja. Sote tulijua: zefe ikishazoea njia nyingine hairudi, na yeye hana miguu ya kuifuata.

Mjomba wangu Athmani, kakake mamangu, ndiye aliyesema, "Shimo ni nini? Ni paa lililolala chini." Ujana wake aliwahi kuwasaidia mafundi kupiga sakafu, yaani yale mapaa ya nyumba za zamani, kokoto na chokaa zinazopigwa kwa vibao siku kadhaa, watu wamejipanga wanaimba, mpaka ziwe jiwe moja. Barabara hajawahi kutengeneza. Lakini ukishamwona mjomba amekunja kikoi, humzuii. Tukayachota maji kwa ndoo, na lile bomba lililopasuka akalifunga kwa mpira. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa na ukuta ulioanguka zamani uani, basi tukayachukua mawe yake tukazibia. Baba Karisa, jirani yetu Mgiriama aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akatoka na mabuti yake makubwa na karai la chokaa. Mjomba akamtania, "Nawe wataka Maulidi?" Akajibu, "Shimo halina dini, Athmani. Jumapili mguu wangu uliingia humu nikienda kanisani, na nilivyosema hapo hata padri sijamwambia."

Kisha wanawake wakashika vibao. Mtaa mzima wakachutama safu mbili, leso zimefungwa viunoni, wakapiga. Mimi nilijipiga kidole mara ya kwanza, nikajipiga tena kuhakikisha, ndipo nikapewa cheo cha kuimbisha. Niliimba, "Wenye duara wako wapi?" nao wakaitikia, "Wamekwenda kununua rangi!" Sauti yangu ni kama mlango usiotiwa mafuta, lakini kwa kupigia sakafu yafaa sana.

Shimo likapendeza, likang'aa. Mjomba akamwaga ndoo ya maji tuone yanavyokwenda. Yalikwenda kwa adabu, yamejipanga, moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu, yakapita chini ya mkeka wa nyanya, yakaingia ukumbini. Mjomba alikuwa amelitia mwinamo wa paa, na paa la nyumba yetu lina mlizamu wake wa kutemea maji upande ule ule wa mlango. Mkono wake ukafuata mazoea. Nyanya, sehemu za chini zimelowa, akasema polepole, "Athmani mwanangu, ahsante kwa paa. Sasa nitoe mlizamuni." Tulicheka mpaka Baba Karisa akakaa chini. Kisha ikabidi tulibomoe upande mmoja chokaa ikiwa bado mbichi, tugeuze mwinamo uelekee mtaroni, tupige upya, na Maulidi yako mlangoni.

Katikati ya kupiga, akatokea mtu wa wale wakubwa wa mji, shati limechomekwa. "Nani aliyewapa ruhusa kuigusa barabara ya serikali?" Nyanya akamwita kwa mkono. "Karibu mwanangu. Hii si barabara, hii ni sakafu. Barabara yenu tumeizika chini yake. Ukiitaka, chimba." Akatazama wale wanawake na vibao vyao. Akasema atarudi. Akapewa kahawa, akanywa, na mpaka leo twamngoja.

Siku ya zefe mwalimu, aliyekwisha kupelekewa habari, alitangulia peke yake. Akaweka mguu mmoja kwa woga, kama anayeonja chai ya moto. Akaweka wa pili. Akageuka akainua mkono, na matari yakaingia mtaani kwetu. Nyanya hakuzitazama bendera wala kanzu. Aliitazama miguu ile midogo, yote, ikipita. Ilipokwisha akamwita mwalimu. "Warudishe wapite tena. Sikuona vizuri." Nao wakarudi wakapita tena.

Sasa nakaa Ganjoni, kwenye fleti, na getini tuna shimo. Tuna kikundi cha majirani kwenye simu, kila mtu hulipiga picha shimo lile na kuandika, "Wahusika watazame." Nami nimeandika hivyo hivyo, tena kwa herufi kubwa. Kule kwetu neno wahusika hatukuwa nalo, tulikuwa na mjomba. Nyanya alipofariki, jeneza lake lilipita juu ya sakafu ile, na wanaume waliolibeba walitembea bila kutazama chini. Barabara ya namna hiyo sijaikanyaga tena Mombasa, na za lami nimezikanyaga nyingi.