Mkono wa Moto wa Kasiani Niliupika Mimi

Kosa ni langu, na ninalisema bila jina. Mhariri anifiche awezavyo, ingawa mtu yeyote wa Ifakara anayejua kusoma atanitambua kabla hajafika katikati ya barua hii, na asiyejua kusoma atasomewa.

Mimi nilikuwa mtu wa kona wa Damiani. Damiani ni yule mbeba magunia wa mashine ya mpunga aliyekuwa bingwa wa ngumi wa bonde zima, kuanzia Kidatu mpaka ng'ambo ya mto kuelekea Mahenge. Kazi yangu ilikuwa kumpa maji, kumfuta jasho na kumwambia anashinda. Hiyo ya tatu niliifanya vizuri kuliko zote.

Kila Jumapili baada ya misa tulikaa kwenye baraza ya mashine, na mimi niliwapanga wapinzani wote wa Damiani, kuanzia mwepesi hadi mgumu. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Chini kabisa nilimweka mpishi mmoja wa Mahenge aliyepigana akiwa amefumba macho, akampiga refa mara mbili na Damiani mara moja. Juu yake alikuwa mpasua mbao wa Uchindile, mabega mapana, roho ndogo, aliyeomba ruhusa ya kwenda haja raundi ya pili na hakuonekana tena mjini mpaka mavuno. Juu kabisa alikaa askari mmoja aliyerudi vita vya Burma, ambaye alisimama wima karibu mpaka mwisho wa raundi ya pili. Nikifika kwa huyo askari nilikuwa nashusha sauti, watu wanasogeza vigoda.

Nieleze kuhusu glovu, maana shetani aliingilia humo. Mji mzima tulikuwa na jozi mbili tu. Moja aliileta yule askari, ngozi kavu, ngumu, ikikupata unakumbuka ulikozaliwa. Ya pili aliishona fundi viatu wa Mlabani kwa turubai, akaijaza sufi. Kupigwa nayo ilikuwa kama kupigwa na mto wa kulalia. Ili haki itendeke tuliweka sheria yetu: raundi mbili unapigana na hizi, kisha mnabadilishana.

Sheria hiyo kila mtu aliijua. Mimi pia niliijua. Lakini kwa miaka minne Damiani hakuwahi kufika raundi ya tatu na mtu yeyote, kwa hiyo ilikuwa imenitoka kichwani kabisa.

Basi akatokea Kasiani. Kijana wa Kindamba, mvuvi, mrefu, mpole, mikono imekakamaa kwa kupiga kasia. Wiki ya pambano Damiani akashikwa na homa. Alhamisi alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili. Nikamwambia tuahirishe.

"Tukiahirisha watasema nimemwogopa mvuvi," alisema. "Wewe niletee uji, mengine niachie."

Laiti ningemwachia. Akilini nilimwona Damiani akianguka mbele ya watu, nikaiona orodha yangu ikigeuka kichekesho, na mimi mwenyewe nikirudi kuwa mtu wa kawaida asiyesogezewa kigoda. Asubuhi ya pambano nikatwanga pilipili kichaa konzi nzima, nikaloweka kwenye maji kidogo, nikayapaka kwenye glovu za sufi, maana kura ilimwangukia Damiani aanze na hizo. Turubai lilikunywa lote. Nikajiona nina akili kumshinda karani wa boma.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Damiani alikuwa mtu wa tumbo. Anakupiga tumbo mpaka unajikunja, ndipo anakumalizia kidevuni. Nilipaka pilipili kwenye glovu za mtu anayepiga tumbo! Raundi mbili nzima alimpiga Kasiani kitovuni, na kitovu cha Kasiani hakikulalamika.

Kisha refa, fundi wetu wa mashine, akagonga rimu ya lori na kusema, "Badilishaneni."

Ningeweza kusema neno. Ningeweza hata kuziangusha zile glovu matopeni, mto ulikuwa umefurika na matope yalikuwa tele. Badala yake nilimvua Damiani kwa mikono yangu, nikampelekea Kasiani, naye akanishukuru. "Asante, kaka," alisema.

Kasiani alikuwa mtu wa uso.

Ngumi ya kwanza Damiani alishangaa. Ya pili akaanza kupepesa macho. Ya tatu machozi yakamtiririka bingwa wa bonde zima mbele ya wakwe zake. Akaja kwenye kona anapapasa kamba, akisema, "Nifute, nifute, naungua." Nikamfuta. Nilimfuta kwa vidole vilevile vilivyotwanga pilipili asubuhi. Damiani alipiga yowe ambalo watu waliokuwa kivukoni walidhani kiboko amemkamata mtu.

Akaketi chini, akainua mkono. Yamekwisha.

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Mtu anayekuliza kwa glovu za sufi, itakuwaje akivaa za ngozi? Wakasema Kasiani ana mkono wa moto. Damiani mwenyewe, muungwana kama alivyo, alivua mkanda wake wa ubingwa, akamfunga Kasiani kiunoni, akaacha ngumi siku hiyohiyo. Jumapili iliyofuata nilipoanza kupanga wapinzani alinikatiza.

"Yule askari mshushe," alisema. "Mgumu kuliko wote ni Kasiani. Nimebeba magunia miaka kumi, sijawahi kuungua vile."

Nikamshusha askari, nikampandisha Kasiani. Kwa miaka miwili nikamsifia kila Jumapili, na kila Jumapili moto ukaongezeka. Nilisema mvuke ulitoka kwenye glovu. Nilisema samaki akimshika anaiva. Watu walicheka, lakini Kasiani, ambaye huko mtoni alikuwa anaongea zaidi na kambale kuliko na watu, hakucheka. Aliamini. Kwa nini asiamini? Nilikuwepo, na alijua nilikuwepo.

Sifa zikafika Morogoro. Ikaja barua kwamba huko kuna bondia mzito anayetafuta mtu, na wamesikia habari za mkono wa moto. Siku ya safari nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Alikuwa ameshapanda juu ya magunia ya mchele, akainama.

"Kaka, wewe ulikuwa karibu kuliko watu wote," aliniambia. "Nieleze ukweli. Mkono wangu unachoma?"

Ndugu msomaji, pilipili ilikuwa upumbavu. Hiki kinachofuata ndicho kinachonikosesha amani. Lori lilikuwa halijawashwa. Dereva alikuwa bado anakunywa chai. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo.

"Unachoma," nilisema.

Alirudi baada ya wiki tatu, taya limevunjika, limefungwa kwa kitambaa kuzunguka kichwa, meno manne yamebaki huko. Nilikaa siku nyingi bila kwenda kumwona. Mwishowe nikabeba kuku, nikaenda. Mama yake alikuwa kibarazani anakoroga uji mwepesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsifia mwanangu pale mashineni." Akapokea yule kuku kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, mama mtu mzima, kunishukuru mimi. "Mungu akubariki. Nyama hawezi kutafuna, lakini mchuzi ataunywa."

Sikuweza hata kukaa. Nilirudi njia nzima nalia, na safari hii hakukuwa na pilipili.

Jumapili hiyo nilimwomba Damiani afike barazani, nikamwomba na Kasiani. Nikasema yote mbele ya watu: konzi ya pilipili, turubai, kitovu, vidole vyangu. Nilitegemea Damiani atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa. Hata chai nilikuwa nimekunywa, nisipigwe nikiwa na njaa.

Hakunipiga. Aliangalia mikono yake, ile iliyoacha ngumi kwa sababu ya uongo wangu. Watu wakaanza kelele. Mmoja akapiga kelele kwamba sasa Kasiani aondolewe kwenye orodha, arudishwe askari.

"Kasiani habanduki," Damiani alisema. "Nyinyi mliangalia raundi ya tatu. Mimi nilikuwemo kwenye zile mbili za kwanza, kabla ya pilipili. Alinipiga usoni mpaka nikawa natafuta njia ya kwenda nyumbani. Labda angenishinda hivihivi." Kisha akanigeukia. "Umetuibia wote wawili. Mimi sijui kama nilishindwa, na yeye hajui kama alishinda."

Kasiani alikuwa bado anaongea kwa shida, meno hayakutani. Tulimsogelea ili tumsikie.

"Kule Morogoro nilimpata," alisema. "Raundi ya kwanza, usoni, sawasawa. Halafu nikashusha mikono."

"Ukashusha kwa nini?" Damiani alimuuliza.

"Nilikuwa namsubiri alie."

Nilitamani angenitukana. Nilitamani mtu yeyote pale anitukane, lakini walikuwa wananiangalia tu, na mashine ya mpunga haikuwa ikifanya kazi kwa sababu ilikuwa Jumapili, kwa hiyo hapakuwa hata na mngurumo wa kujifichia.

Taya limeunga kombo. Hospitali ya misheni walimwambia asiguse ngumi tena, kwa hiyo pambano la marudiano, ambalo lingetuambia ukweli, halitakuwepo. Amerudi mtoni. Tukikutana sokoni ananisalimu kwa adabu, kwa sababu mimi ni mkubwa kwake, na naona afadhali angepita kimya. Damiani hanipi hata hiyo salamu. Jumapili watu bado wanakaa barazani, sasa anayepanga wapinzani ni mtu mwingine, hodari wa maneno kuliko mimi. Nafasi ya juu ameiacha bila jina. Akifika hapo ananyamaza, na watu wanageuka kuangalia upande ninaokaa.

Basi wewe unayesoma hili, labda nawe una mtu unayemshangilia: bondia, mwimbaji, hata ndugu yako anayegombea kitu. Usimwongezee moto asio nao. Akikuuliza ukweli wakati lori halijawaka, mwambie, hata kama utashuka kigodani. Na ukiwekwa kwenye kona ya mtu, kumbuka kazi yako ni maji na taulo. Nawa mikono kwanza.