Turubai na Miche ya Miarobaini

Baba alipofariki, vijana wa maghorofa yetu ya serikali hapa Temeke walibeba turubai mpaka uwanjani, wakasimama. Uwanja ulikuwa umejaa miche ya miarobaini. Mimi ndiye niliyechora mahali pa kuipanda, katika mradi wa kupunguza joto kwenye nyumba hizi, kazi yangu ya kwanza baada ya chuo. Nilifikiria kivuli, upepo na maji. Sikukumbuka kwamba misiba yetu yote hukaa hapo.

“Pole sana, braza,” mmoja akaniambia. “Sasa ishu ni hii miti yako. Turubai halikai.”

“Mtoto kafiwa, nyie mnamuuliza miti?” shangazi akafoka.

Nikawaza kwamba turubai likigeuzwa lielekee barabarani, jua la mchana litawapiga akina mama. Halafu nikawaza kwamba nawaza hayo baba hajazikwa. Machozi hayakuja.

“Ng'oeni ya katikati,” nikasema.

Waliing'oa taratibu pamoja na udongo wake, wakaipanga kwenye ndoo. Watu wakaanza kuingia. Nilikaa mkekani nikipokea pole, nikijiuliza kama mfiwa anaruhusiwa kunyanyuka akamwagilie miti.