Nyumba ya Mbao kwenye Kiwanja cha Delcina

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Delcina Yearwood alipikia watoto wa shule. Alipakua kwa upawa uleule, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkata miwa sawasawa, na alipostaafu aliondoka jikoni na magoti mabovu, sauti ya kupanga watu foleni, na kiwanja alichoachiwa na baba yake. Baba alikuwa amekata miwa ujana wake wote katika shamba lililokuwa la watu wengine, na siku shamba hilo lilipogawanywa vipande akanunua kipande kimoja, huko juu Saint Lucy, kaskazini kabisa mwa Barbados, ambako upepo wa bahari hauchoki na miti yote imeinamia upande mmoja.

Delcina alikuwa amepanga chumba katika mji wa Speightstown, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Kila asubuhi alizitazama ngazi kabla ya kuzishuka, kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Alitaka kitu kimoja tu katika uzee wake: nyumba ya chini, isiyo na ngazi, juu ya ardhi ya baba yake.

Lakini juu ya ardhi hiyo palikuwa na nyumba ya Darnley Hinds.

Ilikuwa nyumba ya mbao, imepakwa rangi ya kijani iliyopauka, na haikushikana na ardhi popote. Ilikalia mawe yaliyopangwa tu, bila saruji. Mababu walijenga hivyo kwa sababu ardhi ilikuwa ya tajiri, na nyumba ilikuwa yao. Tajiri akikufukuza, unang'oa misumari, unapakia kuta kwenye mkokoteni, na jioni unalala kijiji kingine chini ya bati lako lilelile. Ndiyo maana nyumba ya namna hiyo, ukiiona kwenye kiwanja cha mtu, haikutishi sana. Inasema yenyewe kwamba imepita tu, imepumzika. Nyumba ya tofali haisemi hivyo.

Darnley alikuwa amefika pale na lori, mke, na kondoo wake wachache, baada ya kuondolewa mahali pengine. Delcina wakati huo alikuwa bado kazini. Alisikia, akaguna, akarudi kwenye masufuria yake. Miaka ikapita.

Siku moja, baada ya kustaafu, alipanda basi kwenda kukitazama kiwanja chake na kupanga mlango wake utaelekea wapi. Akamkuta Darnley amesimama ndani ya mtaro uliomfika kiunoni, jasho likimtiririka, na tofali zimepangwa kando ya uzio.

"Darnley, shimo la nini hili?"

"Aa, Bi Yearwood! Karibu. Hili si shimo, ni msingi."

"Msingi wa nini?"

"Wa ukuta. Mchwa wametumaliza. Nikiegemea ubao, begani natoka na unga."

"Mchwa ni wako, Darnley. Ardhi ni yangu."

Darnley akacheka kidogo, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Tutaongea, Bi Yearwood," akasema. Delcina alipofika kituo cha basi alisikia sululu ikianza tena.

Usiku ule hakula. Mpwa wake Winfield, fundi seremala mwenye mabega mapana na subira fupi, alipopata habari alikuja na suluhisho lake.

"Shangazi, niachie Jumapili wakiwa kanisani. Navuta mawe manne tu ya pembeni, nyumba inakaa chini kama kuku anayetaga. Wakirudi watajua wenyewe la kufanya."

"Ukigusa jiwe moja, nitakuwa shahidi wa kwanza dhidi yako."

"Dhidi ya damu yako?"

"Nimewatoa nje ya foleni watoto wa damu yangu, Winfield. Wewe mwenyewe nimekutoa."

Winfield akachukua kofia yake. Ni kweli alikuwa amemtoa.

Badala yake Delcina alivaa kofia yake ya kanisani akaenda kwa Coralie Alleyne, wakili kijana ambaye zamani alikuwa akificha karoti chini ya wali ili asizile. Coralie alimsikiliza, akamwambia mambo ambayo hakuyapenda. Asikate maji ya Darnley. Asiguse bati wala mlango. Ampe notisi, muda upite, kisha waende mahakamani. Hata wakishinda, mwenye haki ya kumtoa kwa nguvu ni dalali wa mahakama peke yake.

"Yaani mtu akae kwangu, mimi ndiye nitembee kwa adabu?"

"Ndiyo, Bi Yearwood. Mwenye haki ndiye anayetembea kwa adabu, maana ana kitu cha kupoteza. Lakini kuna jambo baya zaidi. Amekaa muda gani?"

"Zaidi ya miaka kumi. Alikuja mwaka aliozikwa dada yangu."

Wakili akaweka kalamu chini. "Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka kumi kana kwamba ni yake, bila ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe yupo kimya, sheria inaweza kumfungia mwenye ardhi mlango. Kinachoweza kutuokoa ni kimoja. Je, uliwahi kumruhusu?"

Delcina akafikiri. Ndipo akakumbuka Krismasi ile ya kwanza. Alikuwa jikoni kwake anachemsha choya, maua mekundu ya kinywaji cha Krismasi, tangawizi imejaa hewani, mlango ukabishwa. Alikuwa Darnley, kofia mkononi, kakumbatia mguu wa kondoo uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Alisema, "Bi Yearwood, nimeweka nyumba kwenye kiwanja chako bila kukuuliza. Nilikuwa sina pa kwenda. Naomba unistahimili." Naye, mikono yake myekundu kwa choya, akajibu, "Kaa kwa sasa. Nikikihitaji nitakwambia." Tangu hapo kila Krismasi mguu ulifika.

"Hiyo ni ruhusa," Coralie akasema, macho yakimng'aa. "Kama alikaa kwa ruhusa yako, ile miaka haihesabiki. Nani mwingine alisikia?"

"Mimi, na yeye, na mguu wa kondoo."

"Mguu wa kondoo hauapi kizimbani. Tena mmeula."

Basi kila kitu kiliangukia kinywani mwa Darnley. Akisema kweli, Delcina ana ardhi. Akikana, ni neno la mzee mmoja dhidi ya neno la mwingine, na miaka ipo upande wa Darnley.

Notisi ilipokuwa tayari, Delcina aliomba atangulie yeye kumwambia kabla mpeleka notisi hajafika. Marcelle, mkewe Darnley, mwanamke mwembamba asiyependa kelele, alimtolea kiti kivulini akampa maji ya baridi. Delcina akasema alichokuja kusema. Kwamba sasa anakihitaji. Kwamba asingependa walisikie kwa mgeni.

 Aliyejibu hakuwa Darnley bali binamu yake Orville, aliyekuwa ameketi juu ya tofali. Orville aliwahi kulinda mlango wa mahakama, na tangu siku hizo alijiona nusu hakimu.

"Bi mkubwa, umechelewa. Sheria ina saa yake, na yako imeshagonga."

"Orville, wewe sheria uliiona ikipita mlangoni tu. Hukuingia nayo ndani."

Marcelle aligeuza uso pembeni kuficha tabasamu. Lakini njiani kurudi, Delcina aliihesabu tena miaka ile kwenye vidole, na kila mara ilizidi kumi.

Muda wa notisi ukapita. Darnley hakuhama, ingawa sululu ilinyamaza na mtaro ukaanza kuota majani. Kesi ikapangwa.

Asubuhi ya kesi, Delcina alikaa benchi la mbele, mkoba mapajani. Upande wa pili alikaa Marcelle, amevaa gauni la samawati, mikono imekunjwa. Darnley alipanda kizimbani na koti lililombana mabega. Orville alikuwa amemfundisha vizuri, maana aliyatoa maneno kama mtoto anayeimba jedwali la hesabu: alikuta kichaka, akakifyeka, akaweka nyumba, hakumwomba mtu, hakuna mtu aliyemwambia ondoka, zaidi ya miaka kumi.

"Hukumwomba mtu?" Coralie akauliza taratibu.

"Hapana."

"Ulijua ardhi ni ya nani?"

Darnley akamtazama Orville. "Nilikuta kichaka."

Delcina akahisi ardhi ya baba yake inamtoka chini ya viatu. Aliwaza ngazi. Aliwaza atazishuka hadi siku atakayoshushwa amebebwa.

Coralie akasogea karibu, na sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba. "Kwa hiyo, Bwana Hinds, tuelewane. Mwanamke alikuwa jikoni anapikia watoto wa watu, wewe ukaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Umelisha kondoo kwenye majani yake, umevuna shelisheli lake, umelala usingizi wako, na katika miaka yote hiyo hukuwahi hata kumwambia asante. Mtu wa namna hiyo tunamwitaje? Kwetu kijijini tunamwita mwizi."

 Delcina alitaka kusimama aseme basi, Coralie, inatosha. Darnley alishika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili. Hakumtazama wakili, wala hakimu, wala Orville aliyekuwa akitikisa kichwa kwa nguvu. Alimtazama mkewe. Marcelle hakufanya ishara yoyote. Alimtazama tu.

"Mimi si mwizi," Darnley akasema. "Nilikwenda kwake. Nilisimama mlangoni, nikavua kofia, nikamwomba. Akaniambia kaa kwa sasa. Na kila Krismasi nimempelekea mguu wa kondoo, wa nyuma, si wa mbele. Hata mwaka wa ukame. Muulizeni. Sijala cha mtu bure."

"Aisee, Darnley!" Orville akapiga kelele, akaambiwa akae.

Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akainua macho. "Bwana Hinds, unaelewa ulichosema?"

"Naelewa, mheshimiwa."

Ardhi ikabaki ya Delcina, na Darnley akapewa muda wa kuhama hadi baada ya mavuno ya miwa. Coralie alimkumbatia Delcina pale barazani, na Delcina akampiga kofi dogo la mgongo, kama zamani alipokuwa akimkuta na karoti. "Umenishindia," alisema. "Asante. Lakini mtu yule usimwite hivyo tena."

Dalali wa mahakama hakuhitajika. Jumamosi moja, jua likiwa bado changa, lori la kubebea miwa liliegeshwa pembeni mwa kiwanja, na wanaume wa kijiji wakaja na nyundo zao. Delcina alishuka kwenye basi bila kujua asimame wapi. Akasimama barabarani.

"Bi Yearwood umekuja kuhakikisha?" mmoja akamtania kutoka juu ya paa.

"Nimekuja kuona kama mnajua kazi. Bati hilo unalipinda."

Wakacheka. Kazi ikaenda. Paa lilishuka kwanza, kisha kuta, moja baada ya nyingine, kila ukuta na dirisha lake, ukiinamishwa polepole mikononi mwa watu. Kwa muda mfupi chumba cha kulala cha Marcelle kilisimama wazi kwa upepo, na kalenda imetundikwa ubaoni. Halafu nacho kikalala juu ya lori. Walikokuwa wanahamia, kwa kaka yake Marcelle, mawe yalikuwa yamepangwa tayari.

Mwenye nyumba inayohama ndiye anayewalisha wanaohamisha. Marcelle alikuwa amesonga ugali laini wa bamia na kukaanga samaki panzi, wale warukao juu ya mawimbi, akapakua kwa kila mtu. Sahani ya mwisho aliileta hadi barabarani.

"Mimi sijabeba ubao, Marcelle."

"Umesimama juani. Kula."

Delcina akala. Aliyepikia watu maisha yake yote akala chakula cha watu aliowahamisha, na kilikuwa kitamu. Darnley alipopita na kamba za kufungia, akamwita.

"Darnley. Siku ile ungenyamaza tu, kiwanja kingekuwa chako. Mbona ulisema?"

Darnley alivuta kamba, akajaribu fundo. "Yule mwanasheria wako mdogo ana ulimi," akasema. "Lakini si yeye. Ule mguu wa kwanza, Marcelle ndiye aliyeufunga kwenye kitambaa. Alikata shuka lake. Ningesemaje mbele yake kwamba sikwenda?"

"Nilidhani utaninyang'anya."

"Hata mimi nilidhani hivyo," Darnley akasema, akaenda kufunga upande wa pili.

Lori likawashwa. Wanaume wakapanda juu, wengine wameshika kuta kana kwamba wanamshika mgonjwa. Kiwanja kilibaki wazi, na kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka Delcina. Pale nyumba ilipokuwa pamebaki mraba mweupe usio na majani, umejaa vigae, misumari iliyopinda, vifungo vya nguo, na vumbi la mchwa.

Darnley akapiga honi. Lakini Marcelle alikuwa bado hajapanda. Alikuwa ameinama katikati ya mraba ule, ufagio wa vijiti mkononi, anafagia kutoka pembeni kwenda kati, hatua kwa hatua, kama anavyofagia mtu anayetarajia wageni.

"Acha, Marcelle," Delcina akamwambia. "Wanakusubiri. Nitafagia mwenyewe."

Marcelle hakuinua kichwa.

"Wewe utafagia kesho, Bi Yearwood. Uchafu wa leo bado ni wangu."

Delcina akarudi nyuma hadi barabarani, akamwachia nafasi amalize.