Kamera Isiyopenda Baridi

Baba yangu alizikwa na bega la mtu mwingine. Picha iliyotangulia mbele ya jeneza lake ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya ukoo, ambamo watu walikuwa wamebanana kama viazi ndani ya gunia, na fundi aliyemtoa baba pale katikati alishindwa kumtoa peke yake. Pembeni mwa fremu likabaki bega lenye shati la mistari. Hatukujua ni la nani. Tuliimba, tukalia, tukatupa udongo, na lile bega likakaa karibu na uso wa baba mpaka kaburi lilipofunikwa.

Mama hakusema neno siku ile. Alilisema miaka mingi baadaye, siku daktari wa Njombe alipotueleza kwamba moyo wake umechoka na kwamba dawa zitausaidia lakini hazitauponya. Tulirudi nyumbani. Kabla hajavua koti alikaa kwenye kigoda, akaniangalia, akasema anataka picha. Picha ya siku yake. Peke yake, bila bega la mtu.

Mimi kazi yangu ni hiyo. Nina chumba cha picha mtaa wa Ramadhani, napiga harusi, kipaimara, mahafali, na kamera yangu ya kisasa niliinunua kwa jasho. Nilichukia kusikia habari za siku yake, kwa hiyo nikajifanya mchangamfu, nikamwambia hilo ni jambo dogo, akae hapo hapo nimalize. Nilikwenda kuleta kamera. Niliporudi alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge.

"Za kwako nazijua," alisema. "Unanipiga mia kama mtu anayefukuza kuku, halafu unakwenda kuchagua wewe nani ndiye mimi."

Kumbe alikuwa na picha yake moyoni. Alipokuwa msichana alikuja mpiga picha kutoka Makambako, amening'iniza sanduku kifuani, na sanduku lile halikuwekwa jichoni. Lilitazamwa kwa juu. Kila alipotaka kumpiga mtu, mzee au mtoto, tajiri au mkata kuni, yule bwana aliinamisha kichwa kwanza. Kwetu mdogo hamsalimii mkubwa akiwa wima kama mti wa umeme. Anashuka kidogo, kwa goti au kwa kichwa, ndipo anasema kamwene. Mama alikuwa msichana asiye na kitu, na mtu mzima wa mjini akamwinamia mbele ya watu. Picha yenyewe iliungua pamoja na nyumba ya babu, lakini kule kuinamiwa hakukusahau. Alitaka ainamiwe tena, mara moja, iwe ya mwisho.

Ningeweza kubisha. Mimi ni mbishi, dada yangu atakuambia. Lakini mgonjwa akiomba kitu kinachopatikana duniani, huna pa kusimama kubishana naye. Nikaanza kuulizia, na mtu akaniambia kuwa Makambako yuko mama mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa na studio enzi za filamu, na sanduku lake bado lipo.

Nilimkuta dukani kwake, si mbali na stesheni ya reli, anauza nyuzi na vifungo. Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga mabati, vumbi linaingia hadi kwenye meno, lakini jua lilikuwa kali. Nilimwamkia, nikaeleza shida yangu yote, hata habari ya bega. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaingia ndani akatoka na kamera imefungwa kwenye khanga, akaiweka mezani, akaweka kiganja juu yake kabla sijaigusa.

"Ina ugonjwa, mwanangu. Nakuambia sasa ili usirudi kunilaumu. Haipendi baridi."

Akanieleza. Ndani ya lenzi mna vibati vidogo vinavyofunguka na kujifunga mtu anapobonyeza, na mafuta yake yamezeeka. Kwenye joto vinafanya kazi. Kwenye baridi mafuta yanaganda, vibati vinafunguka vizuri lakini vinachelewa kujifunga, mwanga unaingia kupita kiasi na sura inayeyuka. Mumewe aliifahamu tabia hiyo. Akija kupiga picha huku kwetu Njombe aliivaa ndani ya koti, juu ya fulana, na aliitoa mtu akiwa ameshakaa tayari. Fundi wa kuifungua hakumpata. Akanionya nisithubutu kuiweka karibu na moto. "Moto utaiua. Ipe mwili."

Niliibonyeza pale dukani. Ikalia tcha, fupi na safi. Nikaibonyeza tena, tcha. Nikainamisha kichwa, nikafungua kifuniko cha juu, na kwenye kioo nikamwona yule mama amekuwa mdogo, anang'aa, kulia kwake kumekuwa kushoto, akiangalia kamera ya mumewe kwa mara ya mwisho. Nilimlipa, akaniombea safari njema, akabaki na khanga yake.

Filamu niliagiza Dar es Salaam. Ilipofika tulikuwa katikati ya Julai, na asiyejua Julai ya Njombe aulize bustani za viazi, majani yanavyoamka meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, kisha yanakuwa meusi. Dada yangu alishauri tusubiri Oktoba. Mama akasema Oktoba ni ya Mungu, yeye ana Jumamosi hii.

Alitaka apigiwe nje, kando ya mianzi baba aliyoipanda kwa ajili ya pombe ya ulanzi. Niliamka nikiwa na akili zangu zote. Kamera ilikuwa kwapani, ndani ya sweta na koti, na mkanda umenikaba shingo. Nilipanga kila kitu kichwani: mama atakaa, nitaitoa, nitainama, nitabonyeza, basi. Nilipofika kwa mama nikakuta mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mama watatu wa kwaya, na shangazi, wote wamekaa kwenye viti uani na blanketi mabegani. Mama alikuwa amewaita. Picha ya siku ya mtu haipigwi kienyeji, alisema, lazima iombewe.

Sasa kuomba kwetu sisi Walutheri wa vijijini hakuna haraka. Mzee wa kanisa akaniomba niweke chombo chenyewe mezani, kwani kinachoombewa hakifichwi kwapani. Nilifungua mdomo nieleze habari za mafuta, na dada akanikanyaga mguu. Ni kweli, ningemwambiaje mzee aliyevua kofia yake kwenye sakitu kwamba sala yake itanigandishia kamera? Mtoto wa hapa hawezi. Nikaiweka kwenye meza, juu ya kitambaa cheupe, uani, na sisi tukasimama.

Tukaimba wimbo, beti zote. Mzee akaomba. Alimwombea mama, akawaombea madaktari, wasafiri, wakulima wa parachichi, na vijana waliokwenda kutafuta kazi wasirudi wakiwa wamepotoka. Nilifumbua jicho moja nikaona umande umekaa juu ya kamera kama jasho. Nakiri nilikasirika wakati wa sala. Kisha nikamwangalia mama. Alikuwa amefumba macho, mikono wazi mapajani, na uso wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouona tangu tuanze kwenda hospitali. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu tu.

Mama akakaa kwenye benchi mbele ya mianzi, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya kanisani. Niliifuta kamera, nikasimama mbele yake, nikainama. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayejibu salamu. Nikabonyeza. Haikulia tcha. Ilianza, ikasita, ikamalizia kwa kujivuta kama mlango wa ghala. Nikajua. Nikavuta filamu, nikapiga tena, na tena, kila nilipobonyeza inajivuta, huku mama ametulia kama jiwe la kusagia, anaamini kila mara kwamba ndiyo ile. Filamu ya namna hii ina picha kumi na mbili tu. Nilipobakiwa na moja nilisimama wima, nikashindwa kuinama tena.

Mama aliniuliza kuna nini. Nikamwambia mbele ya watu wote, bila kuzungusha, kwamba kamera imeshikwa na baridi na sura yake haitatoka, kwamba imebaki moja.

Alinyoosha mikono. "Ilete."

Akaichukua, akaisogeza ndani ya kitenge, ndani ya sweta, akaikumbatia juu ya kifua chake, juu ya ule moyo wenyewe uliochoka, akajifunga blanketi juu yake kama alivyotubeba sisi wote. Wageni wakaingia ndani kunywa chai. Mama alikataa kuondoka, akabaki pale kwenye benchi mbele ya mianzi. Niliogopa atapata baridi, nikakaa karibu yake nikamkinga upepo. Aliniuliza kama yule mjane wa Makambako ana watoto wanaomwangalia. Aliniambia baba hakuwahi kupenda mashati ya mistari, akaishia kuzikwa na la mtu. Tulicheka kidogo. Jua likapanda juu ya misonobari, sakitu ikaanza kudondoka kwenye majani.

Baadaye akaitoa. Ilikuwa na joto la mwili. Nilitaka kuinuka nikasimame mbele yake, akanishika mkono wa koti.

"Wewe umeshaniinamia vya kutosha. Kaa. Dada yako naye aniinamie."

Nikamwita dada kutoka ndani. Hakuwahi kushika kamera ile. Aliinama, akaona kulia kumekuwa kushoto, akawa anasogea huku na huku kinyume cha anapotaka, akashindwa kumpata mama peke yake. Nilikuwa karibu mno. Nilijaribu kujivuta pembeni na mama hakuniachia mkono. Dada akabonyeza. Ikalia tcha.

Filamu ilikwenda Dar kwa basi, ikarudi kwenye bahasha baada ya wiki kadhaa. Niliifungua chumbani kwangu Ramadhani, nimefunga mlango. Picha za kwanza zote zilikuwa ukungu: weupe wa kitambaa, weusi wa viatu, na katikati, pale palipopaswa kuwa na uso wa mama, mwanga mtupu. Ya mwisho ilikuwa safi. Mama anatazama mbele, mikunjo yote ipo, nyuzi za kitambaa zinahesabika, na mimi ubavuni kwake na koti langu la kijivu, nimeangalia chini.

Niliipeleka kwake nikiwa na maneno ya kuomba radhi. Nilimwambia kwamba Oktoba ikifika tutarudia, kukiwa na jua. Aliishika picha kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kiganja juu ya upande wangu, akajitazama peke yake kwa muda mrefu. Kisha akaondoa kiganja.

"Kata hapa," alisema, na akapitisha ukucha kwenye karatasi, si shingoni kwangu bali upande wake kidogo, katikati ya bega. "Hili liache. Hili nalijua."

Hakufika Oktoba. Kijana wa duka la fremu, anayenifahamu, aliniambia kwa huruma kwamba lile bega angeweza kulifuta kwenye kompyuta, hakuna ambaye angegundua. Nilimwambia aliache. Siku ya maziko mjukuu mkubwa alitangulia na picha mbele ya jeneza, tukateremka nayo hadi kando ya baba, na mama mmoja wa kwaya akamnong'oneza mwenzake, bega lile ni la nani. Mwenzake aligeuka akaniangalia. Kulikuwa na baridi, na nilikuwa nimevaa koti lile lile.