Riwaya ya Kiitaliano Kwenye Treni ya Liverpool

Juzi kwenye treni ya Liverpool, binti wa chuo kikuu alikuwa akimsomea bibi yake riwaya ya Kiitaliano kwa sauti. Bibi akamkatiza kwa Kiingereza: "Sielewi. Sisi kijijini kwetu Italia tulisema kilugha chetu tu."

"Lakini bibi, riwaya hizi ndizo zilizotufanya Waitaliano tuwe taifa moja! Ndiyo mada ya mtihani wangu."

"Basi mlifanywa taifa mimi nikiwa nimeshapanda meli kuja huku."

Binti akayaandika maneno hayo daftarini, harakaharaka.

Mimi nikashikwa na woga, jamani, maana mwanangu wa miaka minne, aliyekaa kando yangu, namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Palepale nikamwomba sentensi moja tu ya Kiswahili. Akaniambia, kwa Kiingereza, kwamba amechoka. Haya, apumzike. Chuo kikuu kipo, atajifunzia Kiswahili huko, kisha aje anisomee riwaya kwenye treni.